Mlango Niliokabidhiwa

Simiyu amekufa, na habari hiyo niliipata kwa njia ambayo yeye mwenyewe angeichukia. Mtu fulani alinitia kwenye kundi la simu la mazishi bila kuniuliza, pamoja na watu wengine wengi nisiowajua, namba zetu zote zikiwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzitazama. Nililisoma jina lake mara mbili. Kisha, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya ni kumkasirikia aliyelifungua lile kundi. Ndivyo nilivyo sasa. Kazi yangu ni kulinda taarifa za watu, na kazi hiyo imenifanya mtu wa kununa; naweza kununia hata tangazo la msiba. Nilinuna mpaka chai ikapoa, ndipo nikaelewa nilichokisoma, nikavua miwani nikalia. Simiyu alikuwa mwenzangu kazini, na kwa mwaka mmoja alikuwa mwalimu wangu, ingawa tulikuwa sawa kwa cheo na tulikuwa tunagombea kiti kimoja. Mwaka huo nimeusimulia mara nyingi, kwenye semina na kwa vijana ninaowafundisha kazi. Kila mara kuna mahali pamoja ninaparuka. Leo sitaparuka.

Hospitali ilikuwa Kitale mjini, na jina lake nitaliacha kwa sababu watu wake wengi wako hai na walinitendea mema. Chumba cha rekodi kilikuwa nyuma ya famasia, chenye dirisha moja na rafu za faili hadi darini, kikinuka karatasi kuukuu na dawa ya panya. Mimi na Simiyu tulikaa humo tukiziingiza faili za wagonjwa kwenye kompyuta mpya, na ilinichukua wiki moja tu kugundua kwamba wauguzi wote wa wodi walikuwa wanatumia paswadi moja. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta ya kidonda na kubandikwa juu ya kioo cha kompyuta, ili mtu yeyote akiwa na haraka asiitafute. Niliibandua. Kesho yake nikakuta plasta mpya, na mwandiko mzuri zaidi. Nikaibandua tena, na muuguzi mkuu akanijia mikono ikiwa bado na glavu. "Dada Rehema, mgonjwa anashindwa kupumua na wewe unaniletea mambo ya paswadi? Haki ya Mungu, si utatuua." Nilirudi chumbani nikabamiza mlango, na Simiyu, bila kuinua macho kutoka kwenye faili, akasema, "Umewanyang'anya kitu na hujawapatia kingine. Wape njia rahisi kwanza, ndio uwaondolee hiyo mbaya." Alikuwa hivyo. Alikuwa na haki kwa sauti ya chini, na hakuna kitu kinachoudhi kama mtu mwenye haki ambaye hapigi kelele.

Mwanzoni mwa mwaka msimamizi mkuu wa hospitali alituita wote wawili. Wafadhili waliotupa kompyuta walikuwa wanataka afisa wa usalama wa taarifa, mtu mwenye cheti kinachotambulika, si mtu wa kuokotwa tu. Alituambia hayo huku akitia sahihi barua zake, kalamu haikusimama hata mara moja. "Nafasi ni moja," alisema. "Hospitali itawalipia mtihani, kila mtu mara moja. Nimesema mara moja. Mwenye cheti ndiye mwenye kiti, na mkipita wote nitawahoji." Tulipotoka, Simiyu alinisimamisha karibu na mizani ya watoto. "Sasa Rehema, tusome pamoja ama tuviziane?" Nikasema tusome. Tukapeana mikono tukicheka, na nilimaanisha. Naliandika hili mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani sikumaanisha.

Kitabu kilikuwa kimoja, chake, kinene kama tofali. Baada ya kukitazama kwa siku mbili alikichana katikati kwenye uti wake kwa kisu cha jikoni, akanipa nusu, akabaki na nusu, na tukakubaliana kubadilishana kila Ijumaa. Nilifikiri ni akili nyingi mpaka nilipoanza kusoma. Kila nilipofika mahali pagumu, kitabu kiliniambia nitazame sura ya tatu, na sura ya tatu ilikuwa Matisi alikokaa Simiyu, nami nilikuwa nimepanga Kibomet, upande mwingine kabisa wa mji. Nilisoma kuhusu funguo za kuficha ujumbe bila kujua ujumbe wenyewe ulifichwaje. Nilisoma namna ya kukabili hatari ambazo bado sikuwa nimeambiwa ni zipi. Saa ya chakula tulikaa kwenye kibanda kilichokuwa nje ya lango la hospitali, mbele yetu githeri na chai ya maziwa, yeye akinieleza nusu yake na mimi nikimweleza nusu yangu. Mara nyingi nilikuta ameshaielewa nusu yangu kuliko mimi, kutokana na maelezo yangu mwenyewe yaliyojaa makosa.

Jumamosi alasiri tulisomea kwake. Vyumba vyao vilikuwa safu moja ya mabati ndani ya ploti, bomba la maji katikati, kamba za nguo juu. Chumba chake kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia, meza, jiko la gesi, kalenda ya kanisa, na gunia la mahindi ambalo mama yake alilijaza upya kila lilipopungua, kutoka shambani kwao Tongaren. Mlango ulikuwa wazi muda wote, umezuiwa kwa jiwe. Mimi ni Mwislamu, binti wa mjini niliyekulia karibu na msikiti, naye ni kijana wa kanisani. Hakuna aliyetuambia tuache mlango wazi na hakukuwa na haja ya kuambiwa. Lakini mlango wazi una mambo yake. Kila aliyepita alisema hodi, kila aliyesema hodi alijibiwa karibu, na kila aliyejibiwa karibu aliingia. Mama mwenye ploti aliingia kueleza habari za mpangaji aliyehama usiku. Jirani aliingia kuomba chumvi, akakaa, akauliza tunasoma nini, akaelezwa, akasema ati hata yeye simu yake iliwahi kuingiliwa na wezi. Ilipofika saa kumi na moja tulikuwa tumesoma kurasa nne. Nilikuwa natamani kulipiga teke lile jiwe.

Na maswali yenyewe! Sijui kama nimewahi kuchukia kitu kama nilivyoyachukia maswali yale. Majibu yalikuwa manne, na manne yote yalikuwa sahihi. Ulitakiwa kuchagua lililo sahihi zaidi, au la kwanza kufanywa, kana kwamba maisha huja yamepangwa foleni. Nakumbuka moja lililouliza: mtu usiyemjua anakufuata mlangoni mwa ofisi amebeba sanduku zito, mikono imejaa, ufanye nini? Nikasema nitamshikia mlango. Simiyu alicheka mpaka chai ikamwagikia daftari. "Wewe umemwingiza mwizi, bana."

"Kwa hivyo nimwache tu na mzigo?"

"Kwa hii mtihani, ndio. Mwambie apige simu kwa mwenyeji wake."

"Mtihani umetungwa na watu wasiolelewa," nikasema, na nilikuwa nimekasirika kweli. Yeye alifuta daftari kwa mkono wa shati. "Si umekasirika kwa sababu unajibu kama fundi? Jibu kama mwenye nyumba. Mwenye nyumba hajiulizi huyu mtu ni mzuri ama mbaya. Anajiuliza, nikikosea, nani ataumia?" Aliniambia hivyo labda mara mia. Mimi niliendelea kupata alama hamsini na kitu kwenye mazoezi, naye themanini na kitu, na alisahihisha yangu kwa penseli ili nisione wekundu.

Mwezi wa tano nilikuwa famasia nikisubiri kupewa orodha fulani, na ukuta kati ya famasia na ofisi ya msimamizi ni mbao tupu. Nilimsikia akimwambia muuguzi mkuu, "Kiti ni cha Simiyu, hiyo imeisha. Yule binti tunampa moyo tu." Muuguzi mkuu akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka jambo linalojulikana. Nilichukua orodha yangu nikaondoka. Sikumwambia Simiyu, wala sikumwambia mtu. Nilisoma siku hiyo kwa hasira, na siku iliyofuata, na kwa mara ya kwanza alama zangu zilipanda. Hasira ilinisaidia kusoma, siwezi kukana. Lakini ilikuwa imepata mahali pa kukaa ndani yangu, nami sikuifukuza.

Mtihani uliweza kufanyiwa Nairobi kwenye kituo, au nyumbani mbele ya kamera, ukitazamwa na msimamizi aliye nchi nyingine. Simiyu akachagua nyumbani. Tulisoma masharti pamoja pale kibandani. Uwe peke yako chumbani. Mlango ufungwe. Asiingie mtu. Isisikike sauti ya mtu mwingine. Usiondoke kwenye kiti mpaka umalize. Ukivunja sharti moja, mtihani unafutwa, na kwetu sisi kufutwa kulimaanisha kwisha, kwa kuwa hospitali ilikuwa imesema mara moja. Simiyu alisoma orodha yote kisha akaiweka chini. "Hawa watu hawajawahi kuishi kwa ploti," akasema. Mtihani wangu ulikuwa wiki tatu baada ya wake. Akaniomba nimlindie mlango, nami nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Tukapanga kila kitu: mama mwenye ploti aambiwe kuna mkutano na wakubwa, majirani wapunguze redio, na mtu yeyote wa nyumbani akitokea nimpeleke kwa jirani, nimpe chai, nikae naye. Jirani alipewa majani na sukari kabisa. "Kama ni mama yangu," Simiyu akasema, "mwambie tu niko kwa mkutano. Atakaa. Ni mtu wa kuelewa, lakini lazima mtu amwambie."

Siku ya mtihani wake nilifika saa mbili na nusu asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika na mabati yalikuwa yanadondosha maji polepole. Nikaketi kwenye kigoda nje ya mlango uliofungwa, na kupitia ukuta nikasikia kila kitu cha mwanzo. Sauti ya kigeni ya mwanamume, yenye adabu na baridi, ilimtaka azungushe kamera chumba kizima. Aonyeshe chini ya kitanda. Aondoe pazia. Aitoe kalenda ukutani, akaitoa. Kisha sauti ikauliza kuna nini ndani ya gunia. Nikamsikia Simiyu akijibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba ni mahindi. Sauti ikamtaka alifungue aonyeshe. Nikasikia kamba ikifunguliwa, nikasikia mahindi yakichotwa na kurudishwa, na nikaziba mdomo kwa ncha ya mtandio nisicheke. Aliambiwa aonyeshe masikio yake yote mawili na mikono hadi viwikoni. Mtu mzima, ndani ya chumba anachokilipia. Nilimwonea uchungu na nikakasirika kwa niaba yake. Baadaye kukawa kimya, na mtihani ukaanza.

Nililinda vizuri. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi: nilikuwa najua kulinda. Mama mwenye ploti alikuja na habari zake, nikamgeuza kwa maneno matamu akarudi ameridhika. Mwuza maziwa alipofungua mdomo aite, nilishaweka kidole midomoni. Mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti cha mkononi nilimwahi langoni, nikamwambia kuna mgonjwa, na nikaomba Mungu anisamehe uongo huo. Saa nne ikapita. Ilipokaribia saa tano nilijua Simiyu amebakiwa na kama nusu saa, na nilijua, kwa vile nilivyomjua, kwamba alikuwa anapita.

Ndipo mama yake akaingia langoni. Hatukuwa tumewahi kuonana, lakini alikuwa na uso wa Simiyu, na kwenye kikapu kuku alikuwa ametoa kichwa. Alivaa gumbuti zenye matope ya Tongaren na nguo nzuri ya kanisani juu yake. Alitembea moja kwa moja hadi nilipokuwa, akanitazama mimi, akautazama mlango uliofungwa, akanitazama tena, mtandio wangu mpaka viatu.

"Mulembe," akasema. "Wewe ni nani?"

"Shikamoo mama. Mimi ni Rehema. Tunafanya kazi pamoja na Simiyu."

"Na yeye iko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani, na mulango imefungwa?"

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Mama, yuko kwenye mkutano, twende kwa jirani, chai iko tayari. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshawageuza watu watatu, kila mmoja kwa njia yake. Yawezekana niliona aibu: mwanamke kijana, asubuhi, nje ya chumba cha mwanamume asiye mume wangu, na mama yake mzazi amesimama mbele yangu na kuku. Nilitaka aone kwamba sikuwa na cha kuficha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka, na ni kweli, lakini si kweli yote. Katika muda ule mfupi niliisikia sauti ya msimamizi wetu nyuma ya mbao, kiti ni cha Simiyu, hiyo imeisha. Niliisikia waziwazi. Sikumwambia mama aingie. Nilichofanya ni kusimama na kukisogeza kigoda kando.

"Hodi!" akasema mama.

Na kutoka ndani, kwa sauti ya furaha kabisa, sauti ya mtu aliyetolewa mbali sana na kurudishwa kwao, Simiyu akajibu, "Karibu, mayi!" Nikasikia kiti kikisukumwa. Alikuja akafungua mlango yeye mwenyewe, uso unacheka, mkono umenyooshwa apokee kikapu. Halafu nikaona macho yake yakikumbuka. Nyuma yake ile sauti ya kigeni ilishaanza kuongea, na haikupanda hata kidogo. Alirudi, akainama mbele ya kamera, akaeleza kwamba huyu ni mama, ametoka mbali, hakujua. Sauti ikamshukuru kwa muda wake. Kioo kikawa cheupe. Saa mbili za kazi yake, na miezi mitano kabla yake, zikafutwa kwa heshima na adabu zote.

Nilisubiri anigeukie. Hakunigeukia. Aliifunga kompyuta polepole, akamvutia mama yake kiti, akasema, "Umeamka saa ngapi ndio ufike sasa hivi?" Mama alieleza safari yake yote na hakuna aliyemkatiza. Alipojua mimi ni Mwislamu, akamtoa kuku kikapuni akasema lazima achinjwe na mtu wa dini yangu, kwani mgeni hawezi kukaa kuangalia wengine wakila. Nikasema si lazima, mama. Akasema, "Hapana. Mutu amekaa inje kwa baridi akimungojea mutoto yangu, halafu alale njaa?" Nilimbeba yule kuku hadi kwa mzee wa duka karibu na msikiti, nikilia njia nzima, watu wakidhani namlilia kuku. Nikarudi naye amechinjwa, nikasaidia kumnyonyoa, na Simiyu akakoroga ugali. Tulipoketi kula, mama alitazama kompyuta pale kitandani akauliza, "Na hiyo mulikuwa munafanya ni nini?"

"Mtihani, mayi."

"Ya kazi? Na umepita?"

Simiyu alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba. "Nimepita, mayi."

Mama aliweka mikono yake yenye mchuzi pamoja akamshukuru Mungu kwa Kibukusu, maombi marefu, na nilisikia jina langu ndani yake. Simiyu alinitazama juu ya kichwa chake kilichoinama. Sikuona lawama. Aliniomba tu kwa macho ninyamaze, na mimi, niliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, nikanyamaza. Nilikuwa nimemkasirikia. Ndiyo, yeye! Nilimkasirikia kwa kuwa mwema kiasi hicho mbele yangu, kwa kulifunga jambo haraka namna ile kabla sijapata nafasi ya kusema ni mimi.

Jumatatu aliandika ripoti kwamba mtandao ulikatika. Msimamizi wa hospitali alisema pole na kwamba neno lake ni lile lile. Pale kibandani nilimwambia Simiyu, "Ningemzuia mama yako." Ndivyo nilivyosema, ningemzuia, na neno hilo laweza kuwa la mtu aliyeshindwa au la mtu ambaye hakujaribu. Akatikisa kichwa. "Ni mimi nilisema karibu. Utamwambiaje mama yako asimame nje? Achana nayo. Lete hiyo nusu yako ya kitabu, wewe uko na wiki mbili na nusu." Na akanifundisha. Kila siku ya zile wiki mbili na nusu alinifundisha, akiwa ameshapoteza, kwa bidii ile ile. Mimi nilikuwa nakasirika kwa kila kitu: akichelewa, akiwahi, akinisifu. Siku moja nilimtupia daftari. Aliliokota akalipangusa, akauliza tena swali lile lile.

Mtihani wangu sikuufanyia kwenye ploti. Simiyu alinitafutia ofisi kwenye chuo kimoja cha ufundi Bungoma mjini, alikokuwa na rafiki. Nilipita. Kuhusu siku ile sijawahi kusema zaidi ya neno hilo moja, na sikuona fahari ya kuongeza. Nilipewa kiti. Nilipata meza yangu na mlango wenye jina langu, na mwisho wa mwaka Simiyu alihamia kwenye chuo kile kile cha Bungoma kufundisha kompyuta. Hakurudia mtihani. Mwanzoni alisema mwaka ujao, baadaye hakusema kitu. Alifundisha huko hadi ugonjwa ulipomlaza, na nasikia wanafunzi walimpenda. Tulipigiana simu wakati wa Idi na wakati wa Krismasi. Katika simu zote hizo sikulisema lile la kigoda. Kila mara nilikuwa karibu kulisema, kisha yeye akauliza, "Na kazi je?" na mimi nikaanza kulalamika juu ya kazi, kwani kulalamika ni rahisi.

Nilikwenda Tongaren kumzika. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani pande zote za boma, na mahema yalikuwa yamejaa mpaka watu wakasimama kwenye matope. Nilikuwa nimeamua kwamba nitamtafuta mama na kumwambia. Nilijipa sababu nzuri zote: kwamba ukweli ni haki yake, kwamba siwezi kuubeba zaidi. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka na wanawake wa boma, amekuwa mdogo sana, macho yamefifia. Nilipotaja jina langu akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachilia tena. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Rehema. Huyu ndiye alikuwa kwa mulango siku mutoto yangu alipita mutihani ya wazungu. Angekuwa mutu mwingine angenifukuza. Yeye alisimama, akanipisha."

Nikatambua hapo kwamba sina pa kwenda. Nikimwambia ukweli wangu, nitamwambia na wake: kwamba ni hodi yake iliyomfutia mwanawe mtihani. Simiyu alikuwa amemfichia hilo maisha yake yote, hadi kaburini, na mimi nilikuwa nimekuja na haraka zangu za kutua mzigo nimvunjie mama huyu siku ya kumzika mwanawe. Nikikosea, nani ataumia? Nilikasirika tena, mara ya mwisho, na safari hii niliyemkasirikia alikuwa mimi.

"Waambie," mama akasema, akiuvuta mkono wangu. "Mimi siwezi kueleza vizuri. Waambie vile ilikuwa akipita."

Wanawake wakanigeukia. Nikawaambia. Niliwaambia kwamba alipobonyeza mara ya mwisho kompyuta ilikaa kimya mpaka akadhani imezimika. Niliwaambia lilivyotokea neno moja tu katikati ya kioo, dogo, bila shamrashamra yoyote, na alivyolisoma mara tatu kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akaweka kichwa juu ya meza akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Vyote vilikuwa kweli. Vilitokea Bungoma, kwenye ofisi ile, na vilikuwa vyangu, na nilikuwa sijampa mtu yeyote. Nilivitoa kimoja kimoja nikamvika Simiyu, na wale wanawake walikuwa wakiitikia kwa sauti za chini.

Mama alisikiliza hadi mwisho, amefumba macho. Kisha akauliza, "Na alikuwa peke yake, hiyo saa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Wewe ulikuwa umeshafika."